Moto wa Msituni na Mkono Wangu wa Kulia

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Kama umekuja kutafuta maneno ya kukuliza, soma kwingine. Mimi elimu yangu ni ya ngumbaru, darasa la watu wazima, na pale mkono ulipochoka nimemwambia mjukuu aandike ninavyosema bila kuongeza chumvi. Naandika kwa sababu najua leo kuna mtu amekaa mahali na mkono uliofungwa bandeji, ananusa harufu yake mwenyewe, anafikiri kazi imekwisha kwa sababu moto umezimika. Haijaanza. Kuungua ni kitu cha muda mfupi sana. Yanayofuata ndiyo marefu, na hayo ndiyo nataka kuwaeleza.

Kwetu ni juu huko Mufindi, mkoa wa Iringa, kijiji kinachopakana na msitu wa kupandwa. Kila kaya ina kipande chake cha mipaina. Mtoto akizaliwa unapanda, akifika sekondari unakata. Akiba nyingine hatuna, labda nguruwe na mahindi ya darini.

Mwaka ule kiangazi kilirefuka. Zile sindano za mipaina zilizoanguka chini zilikauka, ukikanyaga zinalia. Moshi tuliuona siku kadhaa upande wa mashariki. Hakuna aliyeshtuka. Miezi hiyo kwetu kila mtu anachoma shamba kabla ya mvua, na moshi wa kiangazi tumezoea kuuona kama mnavyozoea kuona nguo kwenye kamba. Tulisema ni watu wa kijiji cha pili wanasafisha. Nao, nilikuja kusikia baadaye, walisema ni sisi.

Halafu mchana mmoja jua likawa jekundu, unalitazama bila kufumba macho. Majivu yakaanza kudondoka kwenye maharage niliyoanika. Ndipo yowe likapigwa. Kwetu yowe la moto likipigwa, kila nyumba inatoa mtu mwenye tawi bichi, na usipotoka mwenyekiti wa kitongoji anakutoza. Mwanangu Festo, ninayeishi naye, akachukua panga, akaenda na wanaume wenzake. Walikuwa wameshaanza kuupiga na wakaona wanaushinda. Upepo ukageuka.

Moto wa mipaina hautembei chini tu. Unapanda juu, unatembea kwenye vichwa vya miti, unaruka ile njia ya kuzuia moto kama mbuzi anavyoruka kamba. Sauti yake ni ya lori la magogo linapopanda mlima kwa gia ya kwanza, ila lori linapita na huu haupiti. Wanaume walitupa matawi wakakimbia. Sisi wanawake na watoto tulikimbilia kwenye mashamba ya chai, kwa sababu chai ni mbichi, haishiki upesi. Tulilala kati ya mistari ya chai, vitenge vilivyoloa usoni. Watoto wanakohoa, mama mmoja anasali rozari kwa sauti, mwingine anamwambia, "Sali kimyakimya, unatumalizia hewa."

Mimi nikarudi nyumbani. Msiniulize sana kwa nini. Nilikuwa na nguruwe jike mwenye mimba amefungiwa bandani, na mtu hawezi kulala kwenye chai akisikia mnyama wake analia. Paa la banda lilikuwa limeshashika. Komeo lilikuwa la mti, na lenyewe linaungua upande mmoja. Nililivuta kwa mkono wa kulia. Lilikuwa limekaza. Nikavuta tena. Mlango ulipofunguka nguruwe alinipiga kikumbo, akapita bila hata kunitazama, na boriti ya juu ikaniangukia begani mpaka kwenye kiganja.

Nilikuwa nimevaa sweta. Huku kwetu ni baridi, sweta hatuvui hata kiangazi. Lilikuwa la mitumba, la nailoni, zuri, la kijani. Nailoni haiungui kama pamba ikawa majivu. Inayeyuka. Iliyeyukia mkononi kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole, ikaganda kama nta ya mshumaa. Kwa hiyo hilo ni la kwanza nawaambia: ukisikia yowe la moto, vua nailoni, vaa pamba au kitenge kitupu.

Nani aliuwasha ule moto? Wengine walisema mrina asali, wengine walisema mchoma shamba. Mimi sikuona, sisemi. Ninachojua ni kwamba ulipomaliza ulikuwa umekula miti ya karibu kila kaya, nyumba za upande wa juu, mizinga yote ya nyuki na vichaka vya mianzi tunavyogemea ulanzi, pombe yetu. Tulizika mzee mmoja aliyekwenda kufungua ng'ombe wake. Nguruwe wangu alionekana siku ya pili kwenye chai, mzima, anafukua.

Sasa ugonjwa. Wifi yangu Agnesi, dada wa marehemu mume wangu, alinipokea kwake maana nyumba yake ilisalimika. Ni mtu wa huruma na wa haraka. Alichinja sungura, akamchuna, akachukua yale manyoya, akayabandika mkononi kwa mafuta ya kupikia. Kwetu ndiyo dawa ya moto toka zamani. "Ukibandika sungura," akasema, "ngozi inarudi laini kama yake." Sikumkatalia. Mimi mwenyewe nimewahi kuwabandika watoto wangu. Vidonda vyao vilikuwa vidogo, vikapona, na sungura akapewa sifa.

Nilikaa na yale manyoya mpaka mkono ukaanza kunuka. Festo akanipeleka zahanati kwa bodaboda. Hapo nje palikuwa pamejaa watu wa moshi, wazee kwa watoto, kila mmoja anakohoa kwa zamu kama vyura. Mhudumu alifunua, akafunika. "Bibi, hii ya kwako si ya hapa," akasema.

Binti yangu Veneranda, ambaye ameolewa Mbeya, alikuja kunichukua. Tulipofika hospitali kubwa, nesi mmoja mnene mwenye sauti ya chini aliyaangalia yale manyoya kwa muda.

"Nani amekubandika sungura?"

"Wifi yangu."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani, na sungura wengine."

Hakucheka. Alisema manyoya yameshikana na nyama na nailoni, na vyote vitatu lazima vitoke. Kuna chumba cha kuoshea walioungua, kina beseni kubwa na bomba. Wagonjwa wa wodi ile wanakijua kwa harufu ya dawa yake, na asubuhi magurudumu ya kitanda cha kusukuma yakisikika kwenye korido kila mtu anajifanya amelala. Sitaeleza kilichofanyika humo. Nitasema tu nilikuwa nimejiapiza sitapiga kelele, na siku ya kwanza nilitimiza, na siku ya pili nesi akaniambia, "Bibi, piga kelele, hapa hakuna anayekuandika." Nikapiga. Inasaidia.

Baadaye walinichuna ngozi ya paja, wakaipandikiza mkononi. Ndiyo, paja. Nililala na mguu unauma kuliko mkono, nikawaza kwamba sasa nina vidonda viwili na moto ulinigusa mahali pamoja. Kitanda cha pili alikuwa dada mmoja wa Kisangu kutoka Rujewa, aliyemwagikiwa na maji ya moto. Yeye ndiye alinifundisha kula kwa mkono wa kushoto bila kumwaga. "Usiutazame mkono, mama, utazame mdomo," akasema. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayokupitisha siku.

Mvua za kwanza zilipopiga bati la wodi, niliruhusiwa kwenda kwa Veneranda, Iyunga, hapo hapo Mbeya. Kidonda kilikuwa kimefunga. Mimi nikajua nimepona.

Pale kliniki ya viungo, dada mmoja wa mazoezi aliniondoa ujinga huo. Ni kijana, mwembamba, ana mikono ya mkulima. Alinieleza hivi: ngozi mpya ya moto inajivuta. Inajivuta mchana na usiku, hata ukilala. Usipoinyoosha, inavikunja vidole kuelekea kiganjani, na vikishakunjika vikakaa, hutavifungua kwa sala wala kwa nguvu. Alinifunga kibao cha plastiki cha kulalia. Akasema mara tatu kwa siku, mtu mwingine, siyo mimi, anishike vidole kimoja kimoja, avipake mafuta ya mgando, avivute nyuma mpaka ngozi iwe nyeupe, na avishikilie hapo.

"Itauma?" nikauliza.

"Isipouma, hamjafanya."

Mkono wa kulia ndio unaoshika jembe. Ndio unaosonga ugali, unaokama, unaofanya ishara ya msalaba. Mwanamke wa kwetu asiye na mkono wa kulia anakuwa mgeni nyumbani kwake, anangojea kupakuliwa. Mimi sijawahi kupakuliwa. Kwa hiyo nikamwambia sawa.

Veneranda alinyoosha vizuri. Ana roho ngumu kama yangu. Lakini yeye ni mfanyabiashara wa mchele. Anakwenda Ubaruku, ananunua mpunga, anakaa kwenye foleni ya mashine mpaka ukobolewe, anapakia kuja Mbeya. Ugonjwa wangu ulikuwa umemfunga nyumbani wakati wenzake wanauza. Siku moja nikamwambia, "Nenda."

"Na vidole?"

"Nitavinyoosha mwenyewe."

Akanitazama. "Mama, Ambakisye yupo."

Nikamwambia tena, "Nenda."

Ambakisye ni mume wake. Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi cherehani, anashonea barazani kwa hiyo kutwa yupo nyumbani. Hana tatizo. Tatizo ni kwamba ni mkwe wangu. Ninyi vijana siku hizi mnapiga picha mmekumbatiana na mama wakwe. Kwetu sisi Wahehe wa zamani, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani hata mkono. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Akitaka kuingia mahali ulipo, anakohoa kwanza ili ujifunike. Toka amemuoa mwanangu, mtu huyu hajawahi kunigusa hata ncha ya kitenge, na kwa hilo nilimsifu kwa watu.

Basi Veneranda alipoondoka, nikasikia mtu anakohoa nje ya mlango wangu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," nikauambia mlango.

"Nimeachiwa kazi ya vidole. Nimenawa mikono."

"Iambie hiyo mikono irudi kwenye cherehani."

"Nikiitwa na mwenye vidole niko barazani," akasema, akaenda zake.

Akawa anakohoa hivyo asubuhi, mchana na jioni, na mimi namjibu hivyo hivyo. Nilijaribu mwenyewe. Nilikalia mkono, niliukandamiza kwenye ukingo wa kitanda, nilivuta kwa mkono wa kushoto. Sikilizeni, mtu hawezi kujiumiza mwenyewe mpaka mwisho. Mkono wa kushoto unafika mahali unamhurumia ndugu yake. Veneranda akirudi ananyoosha kwa hasira, halafu anaondoka tena, na katikati ya safari zake ngozi inaendelea na kazi yake. Kibao cha kulalia kikaanza kunibana, nikakiacha. Mkono nikawa nauviringisha kwenye khanga, mtu asiuone. Wa kwanza kuona nilikuwa mimi, nilipotaka kupokea kikombe na kiganja kikakataa kufunguka.

Festo naye alikuwa anapiga simu. Miti yote iliyobaki ilikuwa imesimama myeusi, na wanunuzi walikuja kuichukua kwa bei ya kuni. Vijana wameondoka kwenda Rujewa kufanya vibarua vya mpunga. Mtoto wake wa pili alikuwa amesimamishwa masomo kidogo kwa kukosa ada. "Mama, ngozi imefunga, unakaa kwa wakwe kufanya nini?" akasema. "Watu wanauliza. Rudi, utapona nyumbani." Karibu nirudi. Aibu ya kukaa kwa mkwe ilikuwa inaniuma kuliko paja.

Siku ya kliniki Veneranda alikuwa Ubaruku, kwa hiyo Ambakisye alinisindikiza. Tulipanda bajaji, yeye akabanana mbele na dereva ili nikae nyuma peke yangu. Kwenye benchi la kusubiria alikaa kule mwisho, mimi huku mwisho, kati yetu wagonjwa wengine na mtoto aliyefungwa muhogo wa plasta mguuni. Mama mmoja akaniuliza kwa sauti, "Yule si mwenzako? Mbona mmegombana?" Nikamwambia hatujagombana, tunaheshimiana. Akasema, "Ee, basi heshima yenu ni ndefu."

Dada wa mazoezi alifungua khanga. Alijaribu kidole cha shahada, akajaribu cha kati. Akakaa kwenye kiti chake.

"Bibi, nani anakunyoosha?"

Nikavuta khanga nifunike mkono.

"Nakuuliza wewe."

"Mwanangu. Akiwepo."

"Na asipokuwepo?"

Akaelewa mwenyewe. Akatoka mlangoni, akaita, "Nani amekuja na bibi?" na Ambakisye akasimama kule mwisho, akaja mpaka mlangoni, akaishia hapo, macho chini.

"Ingia, kaka."

"Nasikia vizuri nikiwa hapa, dada."

Yule binti alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kumbe ni Mhehe mwenzangu, wa upande wa Kalenga. Alipoongea tena aliongea taratibu, kwa lugha yetu ya nyumbani, ili mkwe asisikie maana yake. Aliniambia kwamba heshima yangu anaijua, mama yake anayo hiyo hiyo. Halafu akasema vidole viko njiani, havijafika. Vikifika, daktari atalazimika kuikata ngozi upya na kuchuna paja la pili, na mtu wa umri wangu anaweza kuamka au asiamke. Au nitaishi na ngumi. "Chagua, bibi," akasema. "Lakini chagua leo. Mwezi ujao sitakuwa na la kukuuliza."

Tukarudi kwa bajaji, yeye mbele, mimi nyuma. Na mimi sikuwa na mlango wa kuongea nao.

Jioni akakohoa. Nikamwambia aingie. Akaingia, akasimama mbali, mkononi ameshika kipande cha kitambaa, pamba nyeupe ya bitana, kipya, ameshakipinda pembeni kwa cherehani ili kisichanike.

"Mama," akasema, akiwa ameelekea dirishani, "mimi nitashika kitambaa. Kilicho ndani ya kitambaa sikijui."

Nilifikiria maneno hayo. Niliona yanakaa vizuri. Nikanyoosha mkono, nikageuza uso ukutani, akaufunika kwa kile kitambaa kama padre anavyofunika kikombe, akaanza na kidole gumba.

Mama yangu! Sitasema zaidi. Veneranda alikuwa ananionea huruma kumbe.

"Mnyakyusa wewe, unakamua nguo?"

"Nguo inakamuliwa zaidi ya hivi, mama."

Tukawa tunafanya hivyo kila siku, mimi naongea na ukuta, yeye anaongea na dirisha. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwao, wa Kilutheri, ubeti mmoja kwa kidole kimoja, na akimaliza ubeti anaachia. Nilijifunza zile beti. Kuna kidole chenye ubeti mrefu, nikamwomba abadilishe, akakataa.

Lakini kitambaa kilikuwa kinateleza, na mafuta yalikuwa yanaishia kwenye pamba badala ya ngozi. Ngozi ikaanza kupasuka. Dada wa mazoezi aliona, akasema bila mafuta ni bure. Siku hiyo Ambakisye alikaa na kitambaa mkononi, akakikunja, akakifungua, akakikunja tena. Aliniachia mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, bati linapiga kelele, na nilitazama ule mkono wangu, umekunjamana, una rangi mbili, mahali fulani una vinyweleo vya paja, na nikaona kwamba ninauficha mkono ambao hata mimi siutambui.

"Weka hicho kitambaa," nikamwambia. Nilimwambia yeye, siyo ukuta.

Akaweka. Akachota mafuta. Ana alama za sindano kwenye vidole vyote, nilikuwa sijawahi kuziona.

Nimesema nitawaeleza ukweli, kwa hiyo sikilizeni. Hakuna kilichotokea. Nyumba haikuanguka. Wahenga hawakuja. Mkono uliuma kama jana, na baadaye akaenda kufunga cherehani kwa sababu mvua ilikuwa inaingia barazani.

Habari zilifika kijijini kabla yangu, sijui kwa njia gani. Festo akapiga simu.

"Mama, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba mkwe anakushika mkono."

"Waambie waje wanishike wao. Nauli ya Mbeya wanaijua."

Kwaresima ilipita, Pasaka ikapita. Dada wa mazoezi alimfundisha Ambakisye kunishonea glavu ya kitambaa cha kuvutika, ya kubana kovu lisinyanyuke. Ya kwanza ilinibana mpaka vidole vikawa vya bluu, ya pili ikapwaya, ya tatu nikavaa. Kwanza nilishika kijiko. Halafu ufagio. Siku niliyofunga kitenge mwenyewe kiunoni Veneranda alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Kidole kidogo kilikataa, na bado kimekunjika. Kingine kinafunguka nusu asubuhi, mpaka nikiloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Vitatu ni vyangu. Ngozi inawasha kukiwa na jua na inakakamaa kukiwa na baridi, na kwetu ni baridi karibu mwaka mzima. Mtu wa dawa asikudanganye kwamba unarudi ulivyokuwa. Unapewa mkono mwingine, unajifunza nao.

Nilirudi nyumbani mvua zilipokwisha, wakati wa baridi. Ambakisye na Veneranda walinirudisha. Nilitembea kijiji chote siku ya kwanza kwa sababu nilitaka kukiona kabla sijaambiwa. Milima iko uchi. Mvua ilishusha majivu na udongo mpaka kwenye kijito, maji yamekuwa ya kijivu, akina mama wanateka juu zaidi. Wazee wa moshi bado wanakohoa, na wawili hawapo. Shuleni madawati ya nyuma yana nafasi. Mianzi imechipua tena, mirefu kiasi cha kidole. Ulanzi utachelewa. Walioniona njiani waliniangalia mkono, halafu wakaangalia pembeni, na baadhi niliwaona wanamwangalia mkwe wangu kwa namna ninayoijua.

Nilikuta watu wameota makovu na wamekaa nayo. Kijana mmoja aliyeungua shingo, shingo imevutwa hadi kidevu kimegusa bega, kwa sababu aliambiwa mkewe akimgusa vidonda atapata mkosi, na mama yake alishakufa. Ana umri wa Festo. Sikumwambia kitu cha hekima. Nilimwambia aende Mbeya, na nikamwelekeza mlango wa kliniki.

Jioni, nyumbani kwa Agnesi, yeye na mke wa Festo walipika. Kuku, ugali, mboga ya maboga. Watu wa ukoo walikuja, kila mtu akapata pa kukaa. Nikaona mke wa Festo anachukua sahani iliyofunikwa anaipeleka nyumba ya uani, na Agnesi yuko mlangoni anamfuata na beseni na jagi la maji, limejaa mpaka juu. Ni kawaida. Mkwe anatengewa pake, hali mbele ya mama mkwe. Ambakisye alikuwa ameshainuka mwenyewe, anaelekea mlangoni bila kinyongo, anatafuta viatu vyake. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama mimi kwa chini chini, hasa Agnesi, waone kama ya Mbeya nimeyaacha Mbeya.

Nikavua glavu.

"Rudisheni hiyo sahani humu ndani," nikasema. "Ambakisye, kaa hapa karibu na mimi. Na wewe Agnesi, usimnawishe. Nipe hilo jagi."